Kutu Kidogo Tu ya Kamyonete

Siku ya kwanza ya juma, 2 Agosti 1954

Gari imefika! Mimi, Viateur Hakorimana, mulimaji wa maharagi wa Karuba, niko na motokari. Haikufika kwa nguvu yake. Ilivutwa na ng'ombe wa majirani, na nyuma watu wa kilima kizima walikuwa wanasukuma na wanacheka. Wacha wacheke. Noa naye walimucheka.

Ni kamyonete ya kabla ya vita, ya Muzungu wa kahawa ambaye amerudi kwao. Nyuma iko na sanduku kubwa ya chuma yenye milango miwili. Kuku wamelala ndani yake miaka mingi. Nilimupa kapita, musimamizi wa kazi wa ule Muzungu, ng'ombe wetu mwenye maziwa, naye akanipa gari. Tulipoagana kapita alitokwa na machozi. Nilifikiri ni uchungu wa kuachana na gari. Sasa nawaza tena. Mabega yake yalikuwa yanatikisika sana kwa muntu mwenye uchungu.

Injini ni nzima. Wakati wa vita nilikuwa boyi-shofere, musaidizi wa dereva, injini naijua. Shida ni kutu kidogo kwenye bodi. Kidogo tu! Kwa mulango unaweza kupitisha kidole.

Bibi yangu Libérata alizunguka gari polepole. Kisha aliuliza kama kweli nimetoa ng'ombe wa maziwa ili nipate chujio.

Hajui mupango. Siku ya Mungu, tarehe 15, mutoto wa binti yetu Constance atabatizwa kule Mpofi, chini katika Walikale. Mwaka jana Constance alimupoteza mutoto wake wa kwanza, na sisi hatukufika kwa maziko, ju ya umbali. Libérata hajasahau. Hata mimi. Safari hii tutafika, na tutafika tumekaa. Nitakuwa parene, baba wa ubatizo. Mutoto ataitwa Viateur. Kila kitu kiko wazi.

Siku ya pili, 3 Agosti

Nimekwangua kutu tangu jua kutoka, kwa jembe kuukuu na burushi ya chuma. Asubuhi tundu la mulango lilikuwa la kidole. Saa sita lilikuwa la ngumi. Jioni niliingiza kichwa na nikakuta ndani kuku mumoja, ananiangalia.

Sielewi. Kutu ikitoka, gari inapaswa kubaki. Lakini kila nikitoa kutu, gari nayo inatoka! Chini kuna lundo la unga mwekundu. Nimeuchota katika kikapu na kuuweka ndani ya nyumba. Kama unga huu ulikuwa gari yangu, siwezi kuutupa.

Mbonigaba alikuja. Huyu ni jirani yangu, fundi wa kushona nguo, mwenye baiskeli mupya ambayo anaipangusa kila jioni mbele ya watu. Alisema kwa upole kwamba kutu ni kama kidonda: usichokoe, paka mafuta ya mawese, uache. Hila hiyo! Anataka gari ioze, baiskeli yake ibaki mufalme wa Karuba. Nilichokoa mbele ya macho yake. Kipande cha chini ya mulango kilianguka juu ya kidole changu cha muguu.

Siku ya tatu, 4 Agosti

Nilichechemea mpaka Mushaki kumuita Papa Jean-Marie, muzee mwenye kuziba sufuria. Alikuja na akagonga bodi kwa nyundo. Nyundo iliingia ndani na haikurudi. Tuliitafuta muda murefu.

Alisema nikate yote iliyooza mpaka nikute chuma cheupe, kisha nifunge bati mupya. Nilimuuliza, nikifanya hivyo, ya zamani itabaki nini. Alifikiri sana.

“Usukani,” akasema. “Na injini, kama utaishika muzuri.”

Mumoja anasema usiguse. Mwingine anasema kata yote. Nimeamua kuwa muntu wa haki. Nitagusa nusu.

Kabla ya kwenda Jean-Marie aliingiza kichwa kule nyuma, akaangalia sakafu, akasema watu wasikae pale. Nilimuambia asante kwa shauri. Nadhani alitaka kusema wasikae na viatu.

Siku ya tano, 6 Agosti

Nimegundua dawa! Bugali wa muhogo, mugumu, unachanganya na majivu, mavi ya ng'ombe na manyoya ya mbuzi. Unaziba tundu, unalainisha kwa mukono wenye maji. Ikikauka iko sawa na jiwe. Wazungu hawajui kitu hiki. Upande wote wa kushoto sasa ni laini kama shavu la mutoto.

Jioni Libérata aliuliza unga wa muhogo wa chakula uko wapi. Nilimuonyesha ubavu wa gari. Tulikula maharagi. Yeye alikula ameangalia ukuta.

Siku ya posho (jumamosi), 7 Agosti

Mbuzi wa Mbonigaba wamekula gari.

Nilitoka asubuhi kuikuta imetobolewa upande wote, na mbuzi mumoja bado anatafuna taratibu karibu na gurudumu la nyuma. Nilienda kwa Mbonigaba kwa hasira. Nilimuambia mifugo yake imekula motokari yangu na nitamupeleka mbele ya shefu wa kilima. Aliomba musamaha. Kisha aliniuliza, kwa sauti ya kutaka kujifunza, motokari yangu imetengenezwa na nini. Nilirudi nyumbani.

Njiani akili ilifunguka. Bati! Jikoni yetu imeezekwa kwa manjanja, yale mabati ya mikunjo, na tuko kiangazi. Nani anahitaji paa ya jikoni mwezi wa munane? Libérata alikuwa shambani. Nilipanda na kutoa manjanja ya upande mumoja, nikayapiga mpaka yakanyooka, karibu. Mengine niliyafunga ubavuni. Kipande kikubwa nilikitandika nyuma kuwa sakafu mupya, juu ya ile ya zamani. Kupiga misumari ilikuwa kazi, ju chini hakukuwa na chuma cha kushika. Nilitia kwanza dawa ya bugali ya kutosha, nikaipa jua mpaka jioni, kisha nikapiga misumari ndani ya dawa. Inashika! Nilivuta kwa kidole, haikutoka.

Siku ya Mungu, 8 Agosti

Kisha misa nilisimama mbele ya kanisa na kutangaza safari ya Mpofi. Watu walisikia. Wengine walikuja kushika mukono wangu. Mukandori, mama wa kwaya, aliuliza kama ni ile gari iliyoliwa. Nilijifanya sikusikia.

Mbonigaba alikuja na kofia mukononi. Alisema dada yake ameolewa Mpofi, tena ni jirani wa Constance, na kama iko nafasi kidogo nyuma, angeshukuru. Nilisubiri siku kama hii miaka! Nilimuambia kwa huruma kwamba nafasi zimejaa. Alisema haiko neno, atachukua baiskeli.

Libérata aliuliza nyuma zimejaa na nani. Nilisema na yeye. Alisema basi Mbonigaba angeweza kukaa mbele. Sikufikiria hapo. Nilisema mbele ni pa suruali yangu ya ubatizo, isikunjike. Aliniangalia vile anaangalia maharagi yenye wadudu.

Kwa misioni walinipa rangi iliyobaki ya milango ya kanisa. Kijani. Nimepaka yote: bati, kutu, dawa, hata kuku, ambaye alikataa kutoka.

Siku ya tatu, 11 Agosti

Mvua. Mvua ya kiangazi! Ilinyesha tangu jana mpaka leo. Jikoni maji yalifika kwa mafiga. Libérata alipika akiwa amevaa kikapu kichwani. Hakusema neno tangu asubuhi, na mimi nilimushukuru kwa hilo, kisha nikaanza kuogopa.

Nilitoka kuangalia gari. Rangi ya kijani imevimba, na kutu imetokea juu yake, madoa mekundu, vile ndui. Sasa hapa nimechanganyikiwa kabisa. Niliikwangua. Niliiziba. Niliifunika. Iko kikapu kizima cha kutu ndani ya nyumba! Hii nyingine imetoka wapi?

Nilipaka rangi tena, juu ya maji. Jean-Marie alipita barabarani. Nilimuita aone. Alisimama mbali, akapiga ishara ya musalaba, akaendelea na njia yake. Sikujua kama alikuwa anabariki gari ao anaizika.

Mchana Libérata alisema, polepole, kwamba wamama wa Nyakariba wanaenda Mpofi kwa miguu, wanatoka leo, na yeye atawafuata. Nilimuambia kama atanitia haya mbele ya kilima kizima, basi aende. Alishika mulango.

“Viateur,” akasema, “mimi nataka kuona mutoto akiwa na uhai. Hii njo kitu nataka. Gari ao miguu, sawasawa.”

Nilimuahidi. Niliweka mukono juu ya moyo. Alichukua muzigo aliokuwa ameisha kufunga, akauweka karibu na gari.

Siku ya ine, 12 Agosti

Tumetoka! Injini iliwaka baada ya watu kuisukuma kwenye muteremuko. Libérata yuko nyuma juu ya godoro, na gunia ya maharagi ya Constance, mayai, na rozari. Kiti cha mbele hakikaliki, ju mulango wa upande ule nimeufunga kwa waya na waya inapita katikati ya kiti. Kati yetu kuna dirisha dogo isiyo na kioo, kwa hiyo nilimueleza kila kona ya njia.

Vumbi inaingia kutoka chini. Libérata alisema anaona barabara. Nilimuambia ni vizuri, asichoke na giza.

Tumelala Masisi kwa binamu yangu. Binamu alizunguka gari na kuuliza kama tunaipeleka kuzikwa Walikale. Wivu ya jamaa ni mbaya kupita ya majirani.

Siku ya tano, 13 Agosti

Naandika kando ya barabara.

Tulipita Nyabiondo muzuri. Nilikuwa na furaha mupaka nilianza kusema. Kisha kilima kirefu, mawe mengi, gari inaruka, na nyuma mulio mukubwa: gba! Nilisema ni jiwe. Gari ikawa nyepesi. Ikapanda kama mbuzi! Nilifikiri injini imepata moto muzuri.

Niliendelea kusema na Libérata kwa dirisha. Nilimueleza vile tutabeba mawese kutoka Mpofi na kurudisha maharagi. Vile atapata jikoni ya matofali. Hakunipinga. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa hakunipinga! Moyo ulijaa. Nilimuambia maneno ambayo sikumuambia tangu tuko vijana. Kwamba nikimuona anatoka shambani jioni na jembe begani, mpaka leo, natamani kumupokea jembe, lakini naona haya ju ya watu. Kwamba wakati wa mutoto wa kwanza wa Constance nilimusikia analia kwa jikoni na nilikosa la kufanya, nikaenda kulima mahali palikuwa pamelimwa. Nilinyamaza, nikasubiri. Yeye naye alinyamaza. Nilifikiri analia. Mimi mwenyewe nilipangusa macho.

Kwa muto nilisimama kutia maji katika radiatere. Nilifungua milango ya nyuma ili nimupe mukono.

Niliona barabara. Sakafu haiko. Manjanja hayako, godoro haiko, gunia haiko. Libérata hayuko.

Sijui nilipiga kelele gani. Nilikimbia kurudi nyuma, nikaanguka, nikaamka, nikamuita kwa jina lake la utoto. Barabarani maharagi yalikuwa yamemwagika musururu murefu, na mimi niliyafuata, nikiomba Mungu, nikimuambia achukue gari, achukue shamba. Chini ya kilima, kwa yale mawe, nilikuta manjanja yetu na misumari yote bado imesimama katika dawa. Dawa ilikuwa imeshika bati. Bati ilikuwa imeshika dawa. Njo gari peke yake ilikosa kushika. Karibu yake kuna godoro, na mayai yamepasuka. Muntu hakuna.

Niliingia msituni upande huu na upande ule. Nilikuwa nataka kulia na sikuweza. Wamama wawili wenye mizigo ya ndizi walipita. Niliwauliza kama wameona bibi. Walisema ndiyo, walimuona mama mumoja amekaa juu ya godoro katikati ya barabara, na rozari, anaangalia njia gari ilikopita. Alikuwa muzima? Walisema alikuwa anachechemea. Kisha akatokea bwana mumoja na baiskeli, akamupandisha, wakakata njia ya mukato.

Baiskeli ya namna gani, niliuliza. Mupya, walisema. Inang'aa sana.

Siku ya posho, 14 Agosti

Nimefika Mpofi jioni, kwa muguu. Gari nayo imefika, imesukumwa na watu wa barabara, ju nilisahau kutia yale maji na injini ilikataa. Mulango uliofungwa kwa waya umebaki kwenye daraja.

Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba. Libérata ana mutoto kwa mapaja. Paja moja limevimba, lakini mutoto amemuweka kwa lile zuri. Mbonigaba anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika kiti chenye mgongo. Nilisimama nimejaa vumbi. Nilitaka kumukumbatia bibi yangu mbele ya watu wote. Nilikohoa.

Constance alinikaribia. Amekonda, macho ni ya mama yake.

“Papa,” akasema, “mama alianguka, na wewe haukusikia?”

Nilisema injini ina kelele. Aliniangalia sana. Kisha alichukua mutoto kwa mama yake na akanipa. Muzito! Ana joto la mukate. Alinishika kidole na hakuachia. Nilimuambia, “Viateur, Viateur mudogo.” Constance alisema ni musichana.

Hakuna muntu aliniambia! Libérata anasema aliniambia mara nyingi, nikiwa chini ya gari.

Baadaye nilipata Libérata peke yake kwa jiko. Nilimuuliza alianguka wapi hasa. Alisema chini ya kilima, kwa yale mawe. Kwa hiyo hakusikia kitu chochote. Maneno yote yale, jembe na jikoni na machozi, niliyaambia tundu. Alisema, “Ulikuwa unasema nini njiani? Niliona mukono wako unatikisika nje ya mulango mupaka ukapotea.” Nilisema nilikuwa naimba. Sijui ju ya nini nilisema hivyo.

Siku ya Mungu, 15 Agosti

Mutoto amebatizwa. Adelaïde. Hakulia hata maji yalipomwagwa. Libérata alilia kwa ajili ya wote, na nilimupa kitambaa changu, ambacho kilikuwa na rangi ya kijani. Sasa uso wake uko na alama ambayo haitoki.

Parene ni Mbonigaba. Walisema alimufikisha nyanya wa mutoto, na ni haki. Alisimama na mushumaa, akashona midomo yake ili asitabasamu, muungwana mpaka mwisho. Simuwezi! Kisha misa alikuja kuniambia kwamba yeye hakutaka, walimulazimisha. Aliniomba tuwe ndugu. Nimekubali, lakini nitaendelea kumuangalia.

Siku ya pili, 17 Agosti

Watu wa Mpofi wameomba vipande vya kamyonete. Milango ya nyuma imekuwa ya nyumba ya kuku. Kapo, kile kifuniko cha injini, ni ya kukaushia samaki. Kuku wa kijani amechukuliwa na watoto wa jirani wa Constance, wanamuogopa na wanamupenda. Nilihuzunika mpaka saa nne hivi.

Saa nne mukwe wangu Séraphin, bwana wa Constance, alinipeleka msituni kunionyesha kitu. Kamyo! Kamyo kubwa ya mizigo, imeachwa kando ya njia ya zamani na watu waliopasua mbao. Muti mumoja unapita katikati yake, na majani yametoka kwa madirisha. Mwenyewe anakaa kijiji cha pili, anakubali ng'ombe mumoja. Tunabaki na mumoja, kweli.

Kutu iko, siwezi kuficha. Lakini sasa nimefahamu kosa langu. Kutu ya kamyonete ilikuwa ndogo-ndogo, ya kujificha, ya kudanganya muntu. Hii ya kamyo ni kubwa, iko wazi, muntu anaiona kutoka mbali, haiwezi kunishtua. Tena muti ule unashika yote pamoja. Nikikata juu na chini na kuacha katikati, nitakuwa na nguzo ambayo Wazungu hawakufikiria.

Nilirudi mbio kumueleza Libérata, aliyekuwa nyuma yangu kwa jikoni anafunga mizigo. Nilichora kamyo kwa majivu chini. Nilimuonyesha mahali pa mawese na mahali pa maharagi. Nilimuambia safari hii yeye atakaa mbele. Alinyamaza. Nilimueleza juu ya ng'ombe. Alinyamaza zaidi. Mara niliogopa, nikageuka haraka.

Hayuko. Constance alisema ameondoka sasa hivi kwenda Karuba na wamama wa Nyakariba, kwa miguu, na kwa lile paja lake ametembea mbio sana.

Bibi wa namna hii hapatikani. Bila shaka amenitangulia ili anitayarishie ng'ombe.